Kabla ya Kuwasha Amplifaya Uliyoijenga: Jinsi ya Kukagua Nyaya za Transfoma

Amplifaya ya valvu ni chombo kizuri cha kujifunzia umeme. Sehemu zake ni chache, zinaonekana kwa macho, na mchoro wake unaweza kusomwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ndiyo sababu wapo vijana wanaoamua kujijengea moja kwa ajili ya gitaa au redio, wakitumia chesisi ya bati, valvu tatu na transfoma iliyonunuliwa au kung'olewa kwenye mtambo wa zamani.

Lakini chombo hiki kina hatari ambayo redio ndogo ya betri haina. Stima inayoingia ni ya volti 240. Transfoma inaipandisha, na ndani ya boksi unaweza kukuta volti 400 au zaidi za umeme wa DC. Umeme huo hubaki ndani ya kapasita hata baada ya plagi kuchomolewa. Waya mmoja ukiunganishwa mahali pasipofaa, transfoma huungua, kapasita hupasuka, au fundi mwenyewe hupoteza maisha.

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na pia huduma za kuzima moto. Somo la toleo hili linagusa mambo hayo yote mawili: ujuzi wa fundi na usalama wa nyumba. Tumelipanga kwa hatua ili mwanafunzi, fundi wa jua kali au mkazi anayependa vyombo vya muziki aweze kulifuata mwenyewe. Kanuni zake zinafaa pia kwa chaja ya betri, redio kubwa ya zamani au chombo chochote chenye transfoma ya chuma.

TRANSFOMA INAFANYA NINI

Transfoma ni koili kadhaa za waya wa shaba zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma. Koili ya kuingizia hupokea stima ya ukutani. Koili za kutolea hutoa volti tofauti kulingana na idadi ya mizunguko yake. Hakuna waya unaounganisha koili ya kuingizia na zile za kutolea. Nguvu hupita kwa sumaku pekee. Hivyo transfoma hubadilisha volti na pia hutenganisha chombo na laini ya stima.

Katika amplifaya ndogo ya valvu, koili za kutolea huwa tatu:

Ya kwanza ni ya volti za juu, kwa mfano 300-0-300. Maandishi hayo yana maana kwamba kuna nyaya tatu: mbili za mwisho na mmoja wa kati. Kutoka ule wa kati hadi kila mwisho ni volti 300, na kutoka mwisho hadi mwisho ni volti 600.

Ya pili ni ya volti 6.3, ya kupasha moto hita za valvu.

Ya tatu ni ya volti 5, ya hita ya valvu ya rektifaya, ile inayogeuza AC kuwa DC.

Tuchukue mfano wa amplifaya ya Fender Champ ya Marekani, muundo wa 5F1 wa mwishoni mwa miaka ya 1950, ambao bado unaigwa na wajenzi wa nyumbani duniani kote. Ina valvu tatu: 12AX7, 6V6GT na rektifaya ya 5Y3GT. Hita ya 6V6GT hula ampia 0.45 na ya 12AX7 hula ampia 0.3, zote kwenye volti 6.3. Ukiongeza taa ndogo ya mbele ya ampia 0.15, jumla ni ampia 0.9. Hita ya 5Y3GT hula ampia 2 kwenye volti 5. Ukijua hesabu hii kabla ya kununua transfoma, hutauziwa ndogo kuliko kazi yake.

USALAMA KWANZA

Usiruke sehemu hii.

1. Usifanye kazi hii peke yako nyumbani. Awepo mtu anayejua swichi kuu iko wapi.

2. Chomoa plagi kabla ya kugusa chochote. Swichi ya mbele haitoshi.

3. Punguza chaji ya kapasita kwa rezista ya omu 10,000 yenye uwezo wa wati 5, iliyofungwa kwenye nyaya zenye klipu na mpira mzuri. Ishikilie kwa sekunde kumi kati ya upande chanya wa kapasita na chesisi, kisha pima kwa mita. Usitumie bisibisi kupiga shoti. Cheche yake huharibu kapasita na huweza kukuchoma macho.

4. Tumia mita iliyoandikwa angalau CAT III 600 V, na nyaya zake zisiwe zimechanika. Pima volti za juu kutoka waya wa kati hadi mwisho mmoja kwa wakati mmoja, si mwisho kwa mwisho.

5. Unapopima chombo kilichowashwa, unganisha klipu ya mita kwenye chesisi kabla ya kuwasha, kisha tumia mkono mmoja tu. Mkono wa pili uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

6. Usiweke imani yote kwenye swichi ya usalama ya RCD. Swichi hiyo hutambua stima ya ukutani inayovuja kwenda ardhini. Haioni umeme wa upande wa pili wa transfoma, kwa kuwa upande huo umetengwa. Volti 400 za ndani zinaweza kukuua na RCD isishtuke.

Mtu akipigwa na stima, usimshike. Zima swichi kuu au chomoa plagi. Ikishindikana, msukume mbali kwa mti mkavu. Piga simu 999 au 112.

RANGI ZA NYAYA: ZISOME, LAKINI USIZIAMINI PEKE YAKE

Hapa ndipo makosa mengi huanzia, kwa sababu nchi mbalimbali hutumia rangi tofauti.

Katika kebo za kisasa tunazonunua Kenya, kahawia ni laivu, samawati ni nyutro, na kijani chenye mstari wa manjano ni athi. Nyumba zilizofungwa stima zamani zina nyekundu kwa laivu, nyeusi kwa nyutro na kijani kwa athi. Kebo ya chombo kilichotoka Marekani ina nyeusi kwa laivu, nyeupe kwa nyutro na kijani kwa athi. Tazama hatari iliyopo: waya mweusi ambao fundi wa hapa amezoea kuuita nyutro, kwenye kebo ya Marekani ndio wenye stima.

Transfoma za Marekani za zamani zilifuata utaratibu wa rangi ambao bado unatumiwa na watengenezaji wengi:

Nyeusi: koili ya kuingizia.
Nyekundu mbili: mwisho wa koili ya volti za juu.
Nyekundu yenye mstari wa manjano: waya wa kati wa volti za juu.
Manjano mbili: volti 5 za rektifaya.
Kijani mbili: volti 6.3 za hita.
Kijani yenye mstari wa manjano: waya wa kati wa volti 6.3.

Soma tena mstari wa mwisho. Kijani yenye mstari wa manjano kwenye kebo ya stima ni athi, lakini kwenye transfoma ni waya wa kati wa hita. Ni rangi moja kwa kazi mbili tofauti. Bandika lebo ya karatasi kwenye kila waya kabla ya kuanza.

Transfoma za Uingereza na za nchi nyingine hazikufuata rangi hizi. Na transfoma iliyowahi kuzungushwa upya na fundi inaweza kuwa na rangi yoyote aliyokuwa nayo siku hiyo. Kwa hiyo tunapima.

HATUA YA 1: TAFUTA KOILI KWA MITA YA OMU

Transfoma iwe imetolewa kwenye nyaya nyingine zote. Weka mita kwenye omu. Shika waya mmoja, kisha gusa nyingine zote moja baada ya nyingine. Zile zinazoonyesha usomaji ni za koili moja. Ziandike pamoja.

Baada ya hapo, tofautisha koili kwa ukinzani wake. Kwa transfoma ndogo ya aina hii, koili ya hita huonyesha chini ya omu moja, kwa sababu waya wake ni mnene na mizunguko ni michache. Koili ya kuingizia ya volti 240 kwa kawaida huwa makumi ya omu. Koili ya volti za juu ndiyo yenye waya mwembamba na mrefu. Kutoka mwisho hadi mwisho huwa mia moja au mamia kadhaa.

Waya wa kati wa volti za juu hupatikana hivi: ukipima kati ya nyaya tatu, usomaji mkubwa zaidi ni wa nyaya mbili za mwisho. Ule uliobaki ni wa kati, na kutoka kwake hadi kila mwisho ni karibu nusu. Nusu hizo mbili hazilingani kabisa. Nusu iliyozungushwa juu ina waya mrefu kidogo kwa sababu inazunguka umbo lililokwisha kunenepa. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Tofauti kubwa, au nusu moja kutoonyesha chochote, ni dalili ya koili iliyokatika au yenye shoti.

Kosa la hapa ni ghali. Ukiunganisha mwisho mmoja na chesisi ukidhani ni waya wa kati, rektifaya itapokea volti 600 badala ya 300. Kilele cha volti 300 za AC ni takriban volti 424. Kilele cha volti 600 ni takriban 848. Kapasita iliyoandikwa volti 450 haitavumilia.

HATUA YA 2: HAKIKISHA KOILI HAZIGUSANI

Pima kutoka kila koili hadi kiini cha chuma, kisha kutoka koili moja hadi nyingine. Mita isionyeshe njia yoyote. Ikionyesha hata omu milioni moja, weka transfoma hiyo kando.

Lakini elewa mipaka ya kipimo hiki. Mita ya kawaida hupima kwa volti chache za betri. Kihami kilichochoka kinaweza kuonekana kizima kwa volti 3 na kuvuja kwa volti 400. Kwa transfoma iliyokaa miaka mingi stoo au mahali penye unyevu, omba ipimwe kwa mega, kile kipimo cha kihami cha volti 500 ambacho mafundi wa kufunga stima majumbani hutumia.

HATUA YA 3: JARIBU KWA VOLTI NDOGO

Hii ndiyo njia salama ya kujua volti za kila koili kabla ya kuiweka kwenye stima. Tafuta transfoma ndogo ya kutoa volti 12 za AC, kama ile ya kengele ya mlango. Adapta ya DC haifai, na ile nyepesi ya kielektroniki ya taa za dari haifai pia.

Ingiza volti 12 kwenye koili ya kuingizia ya volti 240. Hiyo ni sehemu ya ishirini ya volti halisi, kwa hiyo kila koili ya kutolea nayo itatoa sehemu ya ishirini. Volti 300 zitaonekana kama 15. Volti 6.3 zitaonekana kama 0.32 hivi. Volti 5 zitaonekana kama 0.25. Zidisha usomaji wako kwa ishirini na utajua transfoma yako ni ya namna gani. Pima kwanza hizo volti 12 zenyewe. Transfoma ndogo isiyo na mzigo inaweza kutoa 13 au 14, na hesabu ibadilike.

HATUA YA 4: KOILI MBILI ZA KUINGIZIA

Transfoma nyingi za kuuzwa nje zina koili mbili za kuingizia, kila moja ya volti 115 au 120. Marekani huunganishwa sambamba. Kwetu ni lazima ziunganishwe mfululizo, mwisho wa ya kwanza na mwanzo wa ya pili, ili zigawane volti 240.

Ukikosea mwelekeo katika mfululizo, sumaku ya koili moja inapingana na ya nyingine. Koili za kutolea hazitoi kitu cha maana, na mkondo unaoingia unakuwa mkubwa. Ukikosea mwelekeo katika sambamba, ni shoti kamili.

Jaribu hivi. Ingiza volti 12 za AC kwenye koili moja ya kuingizia. Unganisha waya mmoja wa koili hiyo na waya mmoja wa koili ya pili. Pima kati ya nyaya mbili zilizobaki. Ukipata karibu volti 24, mmeunganika vizuri. Funga hivyo hivyo. Ukipata karibu sifuri, geuza nyaya za koili ya pili. Kumbuka kwamba wakati wa jaribio hili koili ya volti za juu itakuwa na volti kama 60 kutoka mwisho hadi mwisho, kwa hiyo nyaya zake ziwe zimefungwa tepu.

Kama transfoma ina koili moja tu ya volti 120, haiwezi kuwekwa kwenye stima yetu moja kwa moja. Pia angalia maandishi ya hezi. Stima ya Kenya ni ya hezi 50. Transfoma iliyotengenezwa kwa hezi 60 pekee hubeba sumaku zaidi kwa asilimia 20 ikiwekwa kwenye hezi 50 kwa volti zile zile, na hupata joto jingi. Tafuta iliyoandikwa 50/60.

Angalia na volti za jina. Transfoma ya volti 220 ikipewa 240, kila kitu hupanda kwa asilimia 9, na hita za 6.3 zinapata karibu 6.9. Hilo hufupisha maisha ya valvu. Ya volti 230 hupanda kwa asilimia 4 tu na inavumilika.

HATUA YA 5: BALBU YA MAJARIBIO

Sasa ndipo tunaingiza stima. Usiiingize moja kwa moja. Tengeneza ubao wenye soketi ya stima na kishikio cha balbu, ambapo waya wa laivu unapitia kwenye balbu kabla ya kufika kwenye soketi. Weka balbu ya zamani yenye uzi unaong'aa, ya wati 40 au 60. Balbu za LED na zile za kuokoa stima hazifai hata kidogo, kwa sababu hazifanyi kazi ya ukinzani.

Chombo kikiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na kubeba mzigo huo yenyewe. Kwa balbu ya wati 60, mkondo hauwezi kuzidi robo ampia. Chombo kikiwa kizima, balbu inamweka mara moja kisha inafifia.

Anza na transfoma pekee, nyaya zote za kutolea zikiwa zimetenganishwa na kufungwa tepu. Balbu ikififia au ikizimika kabisa, transfoma ni nzima. Balbu ikiwaka kwa nguvu, rudia Hatua ya 4. Ikiwa mwelekeo wa koili ni sahihi na bado inawaka, basi kuna mizunguko iliyogusana ndani, na dawa ni kuzungusha upya au kununua nyingine.

Baada ya hapo unganisha koili moja moja, ukichomoa plagi kila mara: kwanza 6.3 na hita, kisha volti 5 na rektifaya, mwisho volti za juu. Balbu ikibadilika na kuwaka sana baada ya kuunganisha sehemu fulani, kosa liko kwenye sehemu hiyo.

Mambo mawili ya kukumbuka: balbu hii inalinda transfoma, haikulindi wewe, na volti unazopima wakati balbu imo ni pungufu ya kawaida, kwa hiyo zisikusumbue.

MFANO: TRANSFOMA INANUKA, VALVU ZINAFIFIA

Tuseme mwanafunzi amejenga amplifaya ya valvu tatu. Amepima koili zote na ni nzima. Amewasha, hita zinang'aa kidogo tu, hakuna sauti, na baada ya dakika mbili transfoma inatoa harufu ya kuungua. Anazima haraka. Afanye nini?

Anaiweka kwenye balbu ya majaribio. Balbu inawaka sana. Anachomoa plagi, anapunguza chaji, anatenganisha nyaya nyekundu. Balbu bado inawaka. Anatenganisha za manjano. Bado. Anatenganisha za kijani pamoja na ule wa kijani wenye mstari wa manjano. Balbu inafifia. Kosa liko kwenye hita.

Anarudisha nyaya hizo, lakini anang'oa valvu zote. Balbu inawaka tena. Basi si valvu; ni nyaya.

Hapa mwanafunzi anashika mita ya omu na kupima kutoka waya wa kijani hadi chesisi. Inaonyesha karibu sifuri. Je, hiyo ni shoti? Bado hajui. Waya wa kati umeunganishwa na chesisi kwa makusudi, na koili ya hita yenyewe ina ukinzani chini ya omu moja. Mita ingeonyesha karibu sifuri hata kama kila kitu ni sawa. Wengi hukwama hapa, kwa sababu mita inasema kitu kile kile kwa chombo kizima na kibovu.

Njia ni kutenganisha kwanza waya wa kati na chesisi, kisha kupima tena. Sasa njia yoyote kati ya kijani na chesisi ni ya pili, isiyotakiwa. Mwanafunzi anapima na bado anapata sifuri. Anafuata waya mmoja mmoja mpaka kwenye taa ndogo ya mbele. Kishikio chake ni cha chuma, kimefungwa kwa nati kwenye chesisi, na upande mmoja wa taa umeunganishwa na mwili wake. Kwa hiyo upande mmoja wa 6.3 ulifika chesisi kupitia taa, na waya wa kati nao ulikuwa kwenye chesisi. Nusu ya koili ilikuwa imepigwa shoti.

Mchoro haukuwa na kosa kwa upande wake. Baadhi ya michoro ya zamani huunganisha upande mmoja wa hita na chesisi, na transfoma za wakati huo hazikuhitaji waya wa kati. Transfoma mpya ina waya wa kati. Kila moja ni sahihi peke yake; zikitumiwa pamoja zinaunguza. Chagua moja tu. Waya wa kati ni bora kwa sababu hupunguza mvumo kwenye spika. Kishikio cha taa kitengwe na chesisi kwa washa ya plastiki, au kinunuliwe cha nyaya mbili.

DALILI NYINGINE NA PA KUANZIA

Fyuzi inakatika mara tu unapowasha: kagua koili za kuingizia, kisha ng'oa rektifaya na ujaribu tena kwenye balbu. Ikipona, shida iko kwenye rektifaya yenyewe au baada yake, kwa mfano kapasita iliyowekwa kinyume.

Fyuzi inakatika baada ya sekunde kadhaa, valvu zikishapata moto: kagua kama koili ya volti 5 imegusana na chesisi. Katika 5Y3GT, hita ndiyo inayotoa umeme wa DC wa juu. Kwa hiyo nyaya za manjano, ingawa zimeandikwa volti 5, zinabeba volti zote za juu zikilinganishwa na chesisi. Zisiguse chesisi wala kuunganishwa na 6.3.

Mvumo mzito usioisha: kagua kama 6.3 haina mahali popote inapounganika na chesisi. Kama transfoma haina waya wa kati, tumia rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila upande wa hita hadi chesisi.

Volti za juu ni pungufu na mvumo ni mkubwa: pima kila nusu ya koili. Huenda upande mmoja wa rektifaya haupati kitu.

UPANDE WA STIMA

Waya wa laivu upite kwenye fyuzi kwanza, kisha swichi, ndipo ufike kwenye transfoma. Athi ifungwe kwenye chesisi kwa bolti yake yenyewe, si bolti ya transfoma, na iwe ndefu kuliko nyaya nyingine ili kebo ikivutwa, athi iwe ya mwisho kukatika. Amplifaya ndogo kama tuliyoitaja huvuta karibu wati 40 hadi 50 kutoka ukutani, yaani kama ampia 0.2. Fyuzi ya ndani ya nusu ampia, aina ya kukawia, inatosha. Kwenye plagi weka fyuzi ya ampia 3. Ile ya ampia 13 inayokuja na plagi nyingi itaacha kebo nyembamba iungue kabla yenyewe haijakatika. Na fyuzi ikikatika, usiifunge kwa waya wala karatasi ya sigara. Imekatika kwa sababu kuna kosa.

KWA ANAYETAKA KUENDELEA

Ukipenda kazi hii, fika katika chuo cha mafunzo ya kiufundi cha kaunti kilicho karibu nawe uulizie kozi za umeme na elektroniki. Fundi aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa kiwango cha ufundi unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na kupata cheti kinachotambulika.

Somo hili ni la chombo kinachochomekwa kwenye soketi tu. Kufunga au kubadilisha nyaya za stima za nyumba ni kazi ya fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA. Ukikuta soketi yako haina athi, mwite fundi huyo kabla ya kuchomeka amplifaya yoyote.

Kata ukurasa huu uubandike juu ya meza ya kazi. Na kabla ya kubonyeza swichi kwa mara ya kwanza, jiulize maswali manne: Koili zimetambuliwa kwa kupimwa? Waya wa kati umefika chesisi mahali pamoja tu? Athi imeshika? Balbu ya majaribio imo? Jibu likiwa hapana kwa lolote, plagi ibaki mkononi.